Mahindi Yanarudi Shambani

Tangu Ntate Tankiso astaafu mgodini na kurudi nyumbani moja kwa moja, hakuna kitu ndani ya nyumba ile kilicholala mahali pamoja siku mbili. Januari alihamisha meza. Februari alihamisha kabati la vyombo, akalirudisha, akalihamisha tena. Machi alifumua seng'enge yote ya ua akaifunga upya, eti ilikuwa imelegea. Sasa ilikuwa Mei, miti ya mipopla ya bondeni imegeuka njano na inamwaga majani, na Jumanne ile asubuhi mkewe Mamosa aliingia jikoni kutafuta mwiko, akaukuta umetundikwa ukutani kwa msumari. Upawa, kisu na chujio la chai navyo vilikuwa hapohapo, kwa mstari, kutoka kirefu mpaka kifupi.

"Ntate, huu mwiko umekosa nini mpaka ukasulubiwa?" Ntate ni baba, na kwetu kila mwanaume mzima huitwa hivyo, hata na mkewe.

"Huo ni utaratibu," Tankiso akajibu kutoka nje, alikokuwa anapanga kuni kwa unene. "Kule hosteli ya mgodini kila kitu kilikuwa na mahali pake."

"Hata hapa kilikuwa na mahali pake. Juu ya sufuria."

"Juu ya sufuria nzi wanatua."

"Miaka thelathini na nne ya ndoa wametua, na ulikuwa ukija Krismasi unakula unaramba vidole."

Mamosa naye alikuwa mstaafu. Miaka ishirini na miwili aliwapikia watoto wa shule ya msingi, mpaka mwaka jana walipompa keki na kitambaa cha mezani wakamwambia akapumzike. Basi wakawa wawili, wote wazee, wote hawana pa kwenda asubuhi, ndani ya vyumba viwili. Watu wanadhani kustaafu ni raha. Wangekuja kijijini kwetu Ha Lephallo wakaona mtu mzima anavyozunguka nyumba yake mara nane kabla ya uji, anapiga ukuta konde kusikia kama umepata ufa.

Walipokaa kunywa uji wa mtama, Tankiso akauliza, "Tunavuna lini?"

"Wiki ijayo. Ntate Lebeko kasema mahindi yana unyevu bado."

"Ntate Lebeko kasema."

"Ndiyo."

"Kwani shamba ni la nani?"

"La kwako, Ntate. Maksai ndio wa kwake."

Na mambo yalikuwa hivyo kweli. Shamba lilikuwa la baba yake Tankiso, zuri, kando ya mto. Lebeko la kwake lilimezwa na korongo, likabaki ukingo wa kukaushia nguo. Ila maksai wanne alikuwa nao. Mwaka wa kumi na tisa huu yeye na Mamosa walikuwa wanalima kwa nusu. Huyu anatoa ardhi, yule anatoa maksai na plau, mbegu wanachangia, na siku ya kuvuna wanagawana palepale shambani, wote wawili wamesimama, kapu kwako, kapu kwangu. Hindi halitoki shambani kabla ya hapo. Kwetu jambo hilo hata mtoto hafundishwi, anakua nalo.

Tankiso akasukuma bakuli. "Uji una chumvi," akasema, akatoka kwenda kuzipanga kuni tena.

Jioni ile bendera nyeupe ilipandishwa kwa Mamolefi, maana yake pombe imeiva, nasi tukateremka. Tankiso alikuja na blanketi lake jipya la kuvaa begani, viatu vinang'aa. Setho, ambaye ulimi wake haujawahi kustaafu, akajisogeza kwenye benchi.

"Sogeeni jamani, mgeni apate pa kukaa."

"Mgeni nani?" Tankiso akauliza. "Mimi nimezaliwa hapa."

"Umezaliwa, nani kakataa? Ila nikiulizwa nani analima shamba lako, nitasema Lebeko. Nikiulizwa nani anavuna, nitasema Lebeko. Nikiulizwa nani..." Akainua kopo, akanywa taratibu.

"Maliza."

"Nimemaliza, Ntate. Si unaona kopo ni tupu?"

Tulicheka. Sifichi, na mimi nilicheka. Ni mzaha wa kilabuni, mtu anacheka kwanza halafu ndipo anafikiri. Tankiso naye alijitutumua kucheka, lakini kopo lake aliliacha nusu akaondoka, na mtu aliyechimba dhahabu miaka arobaini na mitano haachi pombe nusu bila sababu.

Alipofika nyumbani alimkuta Mamosa anapukuchua maharage. Akasimama mlangoni, akamtazama muda mrefu. Kisha akauliza, "Hizi funguo nani kazitoa kwenye msumari?"

Jumatano ikaja simu kwamba dada yake Mamosa, ng'ambo ya mlima, ameanguka kando ya kisima na kuumia nyonga. Mamosa akafunga mzigo wake. "Mkate uko kabatini, kabati liko ulikoliweka wewe," akamwambia mumewe. "Ijumaa nimerudi. Na tafadhali, usihamishe kitu."

Hata mgongo wake haujapotea njiani, Tankiso alikuwa keshatoka. Alizunguka nyumba hadi nyumba akitualika kuvuna kesho yake. Kondoo mmoja angechinjwa, na pombe ya Mamolefi yote ameinunua yeye. Wanaume kumi na mmoja.

Setho huyohuyo ndiye aliyeuliza, safari hii bila mzaha. "Ntate Lebeko anajua?"

"Shamba ni langu."

"Ni lako, ndiyo. Nimeuliza anajua?"

"Setho, unakuja au huji?"

Tulikwenda. Ningependa niseme nilikataa, lakini siku ile nilikula mbavu mbili na kipande cha mgongo. Tulijua ni vibaya, na kila mmoja alijiambia kwamba wale kumi wengine ndio wangesema. Tulivunja mahindi toka asubuhi, mengine mabichi bado, ukiyabonyeza kwa kucha yanatoa maji. Mchana lori la kukodi likaja likabeba yote. Tulipokuwa tunapakia, Lebeko alipita juu ya ukingo na ng'ombe wake. Alisimama. Alituhesabu kwa macho, mmoja mmoja, mpaka kila mtu akaona kuna kazi upande wa pili wa lori. Kisha akawaswaga ng'ombe akaenda zake.

Ijumaa Mamosa alipofungua geti alikuta ua umejaa magunia, mahindi mengine yametandazwa juu ya mabati na juu ya mashuka yake ya wageni. Tankiso alikuwa anamsubiri katikati, mikono nyuma, uso unacheka kama wa mtoto aliyefaulu mtihani.

"Nimemaliza kazi! Siku moja tu! Wewe na maisha yako ya wiki ijayo, wiki ijayo."

Mamosa aliweka mzigo wake chini. "Lebeko alikuwepo?"

"Walikuwepo wanaume kumi na mmoja."

"Nimeuliza Lebeko."

"Nimemtengea. Tazama pale. Magunia tisa, tena makubwa. Sisi tumebaki na manane! Nimempa zaidi ya nusu, Mamosa. Mtume mtu amwambie aje achukue."

"Aje achukue."

"Ndiyo."

"Mlangoni kwako? Akiwa ameshika kofia, kama mtu aliyekuja kuomba chakula?"

"Nimempa zaidi ya haki yake!"

"Huna cha kumpa, Ntate! Si chako! Nusu ile haijawahi kuwa yako hata siku moja, sasa utaitoaje?" Sauti yake ilipanda mpaka Mathuso, jirani, akatoa kichwa dirishani. Mamosa akaishusha. "Nani atanilimia mvua zikianza? Umelifikiria hilo? Au tutakula hilo kabati lako?"

"Tutakodi trekta."

"Trekta lilikuja hapa lini? Lile moja lililokuja si lilizama mtoni?"

Tankiso akaanza kunyoosha gunia lililokuwa limenyooka tayari.

"Kwa nini?" Mamosa akauliza. "Nambie tu kwa nini."

"Watu wanasema."

"Wanasema nini?"

"Wanasema."

Mamosa akaelewa. Alisikia uso unawaka mpaka masikioni. Ana miaka sitini na mmoja, mjukuu wake yuko sekondari, na leo ndiyo siku anaambiwa hivi, tena na mumewe, tena kwa neno moja lisilo na mkia. Alikuwa na mengi ya kujibu, lakini alihofia angeanza kulia, na kulia mbele yake siku ile hakutaka. Alichukua godoro dogo akahamia jiko la nje. Mwiko aliung'oa na msumari wake.

Jumamosi asubuhi alijifunga blanketi, akaenda kwa Lebeko mchana kweupe, akipita katikati ya kijiji ili kila mwenye macho amwone. Lebeko, aliyefiwa na mkewe miaka sita iliyopita, alikuwa uani anashona mkanda wa nira. Alimletea kigoda, yeye akabaki wima, mbali kidogo.

"Ntate Lebeko, nimekuja kuomba radhi."

"Wewe hukunikosea, Mme," Lebeko akasema, akimwita mama kama inavyopasa.

"Nyumba yangu imekukosea. Magunia yako yapo. Nitakodi punda nikuletee leo hii."

Lebeko alivuta uzi kwa meno. "Usilete."

"Ni mahindi yako."

"Sehemu yangu inatoka shambani. Nimeichukua shambani miaka kumi na minane, mbele yako, mbele ya jua. Leo niletewe nyumbani, imechaguliwa na mtu mwingine, imepimwa na mtu mwingine? Hiyo si sehemu, Mme. Hiyo ni sadaka." Aliangalia njia, ambako Mathuso alikuwa amepata sababu ya kupita. "Halafu, gunia linatoka kwako linaingia kwangu, na mumeo yuko nyumbani. Wanayosema tayari hayatoshi?"

Mamosa alishtuka. "Kumbe nawe umesikia."

"Nina masikio. Miaka yote hii nilidhani wewe huna, nikashukuru Mungu."

Jumapili Mamosa hakwenda kanisani, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu azae. Tankiso alikwenda peke yake, akakuta benchi lake lina nafasi kulia na kushoto.

Jumatatu kukapambazuka na umande umeganda juu ya majani, nyasi zinavunjika ukikanyaga. Tankiso alitoka nje akamkuta mkewe anapakia gunia kwenye toroli.

"Unakwenda wapi na hilo?"

"Shambani."

"Kufanya?"

"Kulirudisha. Yote yanarudi, ya kwako na ya kwake. Yakifika kule yatagawanywa."

"Mamosa, una wazimu? Mavuno yanarudishwa shambani? Umewahi kuona wapi?"

"Sijawahi. Hata yanayoondoka bila kugawanywa sikuwahi."

"Watanicheka kijiji kizima!"

"Basi kaa ndani, wanicheke mimi."

Akaondoka na toroli inalia gurudumu. Kutoka kwao mpaka shambani ni mteremko wa nusu saa, na kurudi ni mlima. Njia inapita kwenye bomba la maji, na Jumatatu asubuhi wanawake wote wapo pale.

"Mme Mamosa!" Mathuso akaita. "Mbona mahindi yanarudi? Yamesahau nini?"

"Yamesahau mwenye nayo," Mamosa akajibu, hakusimama.

Safari ya pili hakuna aliyemtania. Safari ya tatu mama mmoja aliweka ndoo chini akamsaidia kupita kwenye mawe. Tankiso alikuwa dirishani, anarudi kitandani, anakwenda dirishani, anavaa kofia, anaivua. Alikuwa anasikia lile gurudumu likishuka na likipanda. Alipomwona mkewe anaingia getini mara ya nne, mkono mmoja kiunoni, mdomo wazi unatafuta pumzi, hakuweza tena. Alitoka, akamnyang'anya vishikio vya toroli, akapakia magunia mawili pale Mamosa alipokuwa anapakia moja.

Walishuka pamoja. Walipolipita bomba na vichwa vyote vya pale, akauliza akiwa anatazama mbele.

"Wewe na Lebeko."

"Uliza vizuri."

"Nimeuliza."

"Hujauliza. Miezi minne unahamisha vitu ndani ya nyumba, kumbe unatafuta hiki. Uliza, Ntate, na mdomo wako."

Tankiso akasimamisha toroli. "Alikuwa mtu wako?"

"Hapana."

Upepo ulikuwa unasukuma majani ya mipopla barabarani, yanawapita miguuni.

"Alikuwa anakuja alfajiri, analima, anakunywa togwa yake pale ukingoni, anakwenda kwake. Mkewe alipofariki nilikwenda kuwapikia wafiwa. Mama yako alipofariki, ukakosa ruhusa mgodini, aliyechimba kaburi ni yeye, kwenye mwamba, siku mbili. Ukitaka kumchukia, mchukie kwa hilo."

Tankiso aliinua vishikio, akasukuma.

Mpaka saa nane mchana magunia yote kumi na saba yalikuwa yamerudi. Nasi wavunaji tulikuwa tumeshajikusanya pale, kumi na mmoja wote, hakuna aliyetuita. Labda aibu, labda udaku, siwezi kusema. Tuliyabeba mengine kichwani ili yaishe. Mtu mmoja akatumwa kwa Lebeko, naye akaja, akasimama upande wake wa shamba, pale anaposimama kila mwaka. Magunia yakamwagwa, ikawa chungu moja.

Tankiso akachukua kapu. "Kapu kwako, Ntate Lebeko," akasema, akamwaga. "Kapu kwetu." Alipima hivyo mpaka chungu ikaisha, na jasho lilikuwa linamtiririka na baridi ile yote. Likabaki kapu moja lisilo na mwenzake. Akalimwaga upande wa Lebeko. Lebeko akainama, akachota nusu yake kwa mikono, akairudisha.

Halafu akafunga gunia lake la mwisho, akanyooka. "Nashukuru. Mme Mamosa, tumelima vizuri miaka yote. Sasa basi. Mwenye shamba amerudi, akalime shamba lake."

Mamosa aliinamisha kichwa. Hilo ndilo alilokuwa analiogopa tangu Ijumaa, na alikuwa amesukuma mahindi kutwa nzima ili asilisikie.

"Ntate Lebeko," Tankiso akasema.

"Naam."

"Mimi sijui kulima."

Setho akacheka, akadhani ni utani. Tankiso akamgeukia. "Sitanii. Nimeondoka hapa nina miaka kumi na minane, nachunga ng'ombe. Aliyekuwa analima ni baba. Plau sijaishika hata siku moja. Nina miaka sitini na mitatu, na sijui plau inashikwaje." Akamgeukia Lebeko tena. "Endelea kulima na sisi. Kwa nusu, kama zamani. Na mimi nipe kazi."

"Kazi gani?"

"Yoyote."

Lebeko akajibu, "Plau naishika mimi. Iliyobaki ni kutangulia mbele na kamba, kuwavuta maksai wafuate mstari."

Hapo tulicheka wote, maana hiyo ni kazi ya watoto, mwanaume mwenye ndevu hatangulii maksai. Tankiso hakucheka. "Nitatangulia," akasema.

"Mimi sina neno. Ila kazi hiyo ina mwenyewe. Mwombe yeye kwanza."

"Mtoto wa nani?"

Lebeko akamtazama Mamosa. Nasi tukamtazama, na kicheko kikatuishia. Sisi tulikuwa tunajua miaka yote ile nani anashika kamba, maana watoto wa kutangulia maksai waliisha zamani kijijini kwetu, wako shuleni na mijini. Asiyejua alikuwa mmoja tu.

Mamosa alikuwa amekaa juu ya mabua. Alivua kiatu cha kulia, akavua na soksi. Vidole viwili vilikuwa vimepindiana, kimoja hakina kucha.

"Maksai mwekundu alinikanyaga," akasema. "Mwaka ule wa ukame. Krismasi ukaja na viatu vya kahawia, vya mjini, nikakwambia vinanibana. Ukasema sina shukrani. Ukarudi mgodini hujaniaga."

Tankiso aliukumbuka mwaka ule. Aliukumbuka sana, alikuwa akiwasimulia wenzake hosteli jinsi wanawake walivyo. Tulianza kukusanya makapu na kamba zetu, tusimwone. Lakini nilimwona. Alipiga magoti kwenye mabua na suruali yake ya pasi, akauchukua ule mguu uliokuwa wa baridi, akaanza kuurudishia soksi, taratibu, maana hakujua panapouma.

"Hapa?" akauliza.

"Hapo," Mamosa akasema.